Bafu Lisilo na Matundu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Wilbroad alimchemshia mama yake maji ya kuoga. Aliyamimina kwenye ndoo, akaipeleka ndoo bafuni. Kisha alifunga dirisha dogo la bafu na kuhakikisha limefunga kabisa.

"Mayu, maji tayari," aliita. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake tangu utotoni, kwa Kinyamwezi.

Mama Getruda alikuja taratibu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa na miaka sitini na minane. Kutoka chumbani hadi bafuni zilikuwa hatua kumi tu, lakini hatua hizo zilimmaliza pumzi. Alisimama mlangoni, akakohoa, akasubiri kikohozi kipite.

"Dirisha umefunga?" aliuliza.

"Nimefunga. Hakuna upepo."

"Na huo mlango ufunge, baba. Upepo wa mvua hizi ukiniingia kifuani, ndio basi tena."

Wilbroad alifunga na mlango. Mvuke wa maji ya moto ulijaa bafu zima. Juu ya kichwa cha mama, kwenye kamba, zilining'inia nguo mbichi. Jenifa, mke wa Wilbroad, alizianika humo kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Katika bafu lile walioga watu watatu, asubuhi na jioni. Dirisha halikufunguliwa hata mara moja.

Msiwacheke. Walifunga dirisha kwa mapenzi.

Walikuwa wamehamia Tabora mjini mwezi wa saba, kutoka Usoke. Nyumba ilikuwa ya Revocatus, kaka yake Jenifa, aliyehamishiwa Mwanza kikazi akawaachia na vitanda na mashuka. Ilikuwa mtaa wa Kanyenye, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili, na bafu na choo chumba kimoja. Walikuja kwa ajili ya mama. Daktari wa hospitali ya Kitete aliwaambia mapafu yake yamechoka kwa sababu ya moshi wa miaka mingi. Alitaka mama akae karibu na kliniki. Akawaambia mambo matatu ya kumwepusha nayo: moshi, vumbi na unyevu. Wilbroad alishika moshi, akashika vumbi. Hilo la tatu lilimpita.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, ukungu ulitokea. Kwanza vilikuwa vidoa vyeusi kwenye kona ya dari. Baada ya wiki mbili vilishuka ukutani. Vikazunguka dirisha, vikaingia katikati ya marumaru, vikashika mpaka nyuma ya mlango. Bafu likaanza kunuka kama gunia lililosahauliwa mvuani.

Kikohozi cha mama nacho kikabadilika. Kule Usoke alikohoa asubuhi tu. Sasa alikohoa mchana kutwa, na kifua kilimlia filimbi. Alikonda. Chakula alikiangalia tu.

Hapa lazima niwaambie jambo moja kuhusu wakulima wa tumbaku, maana bila hilo hamtamwelewa Wilbroad. Kwao ukungu ni aibu. Tumbaku ikiota ukungu hukataliwa sokoni mbele ya watu, na mwenye mzigo huonekana mvivu. Basi mtu akiona ukungu kwenye tumbaku yake hatangazi. Anaificha, anahangaika nayo peke yake.

Wilbroad alifanya hivyo hivyo. Hakumwambia daktari. Hakumwambia jirani. Siku wanajumuiya wa kanisani walipokuja kumwombea mgonjwa, Jenifa alitundika kitenge juu ya ukuta mbaya zaidi, na wakamwambia kila aliyeomba choo kwamba kimeharibika.

"Tumwite hata fundi," Jenifa alimwambia jioni ile, wageni walipoondoka. "Huu ukuta unanitisha, baba Leonia." Leonia, binti yao, alikuwa shule ya bweni.

"Fundi wa nini? Nimekausha tumbaku miaka ishirini na miwili, nishindwe na ukuta mmoja?"

Akanunua rangi nyeupe. Akapaka juu ya ukungu ule ule, bila kuusafisha. Bafu likang'aa. Wilbroad akamwita mama yake aje aone, na mama akasema, "Ahsante, mwanangu." Wiki ya tatu rangi ilivimba, ikabanduka, na weusi ukachungulia tena. Safari hii ulikuwa mwingi kuliko mwanzo.

Siku hiyo mama Getruda aliomba apewe begi lake. Alipanga humo khanga zake, rozari, na shuka jeupe jipya. Shuka lile alilinunua mwenyewe miaka miwili iliyopita. Halikuwahi kutandikwa. Kila mtu katika familia alijua ni la siku ya maziko yake. Akafunga begi, akaliweka karibu na kitanda.

"Nirudishe Usoke, Wilbroad," alisema. "Hapa nakufa polepole, tena katika nyumba ya watu. Afadhali nikafie kwangu."

"Mayu, kule hakuna daktari wa kifua."

"Na hapa yupo. Je, ninapona?"

Wilbroad alipima huku na huku. Akimrudisha Usoke, atamkosesha matibabu katikati ya mvua. Akimweka hapa, anamwona anavyoisha. Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi, akashika kichwa. Alihisi amemleta mama yake mjini kumuua.

Ndipo lilipomjia lile wazo la bani.

Bani ni nyumba ya matofali ya kukaushia tumbaku kwa moto. Wilbroad alijua kulichochea tangu akiwa kijana. Ukuta umelowa? Basi ukaushwe kwa moto, kama jani. Alichukua karatasi ya nailoni na gundi, akaziba dirisha la bafu pande zote. Akawasha jiko la mkaa nje, likakolea mpaka moshi ukaisha, maana moshi aliuogopa kwa ajili ya mama. Akaliingiza bafuni. Akafunga mlango, akaweka tambara chini yake ili joto lisitoke.

Baada ya saa mbili aliingia, akagusa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa moto na mkavu. Mwanaume alifurahi! Lakini jioni, bafu lilipopoa, dari ilianza kudondosha maji. Matone yalimwangukia kichwani kama anatukanwa.

"Moto haukutosha," alisema. Akaongeza mkaa kesho yake. Na kesho kutwa. Ilikuwa wiki yake ya likizo kutoka ghalani alikofanya kazi ya kupakia mizigo, na yote aliimalizia kwenye jiko.

Siku ya nne mkaa ulimwishia. Jenifa alikuwa kwenye kibaraza cha duka moja mtaani, anashona. Wilbroad alimwambia mama yake, "Usiingie bafuni, mayu, nimeweka moto. Nakwenda dukani, sikawii." Akaliacha jiko linawaka humo ndani.

Lakini choo kilikuwa humo humo. Na haja haisubiri mtu arudi dukani.

Chini yao, katika nyumba ya chini, aliishi Nurdini, fundi bomba wa siku nyingi. Alikuwa anakunywa kahawa aliposikia kishindo juu ya kichwa chake. Akaita. Kimya. Akapanda ngazi mbio. Alimkuta mama Getruda amelala sakafuni bafuni, mlango umejifunga nyuma yake, jiko jekundu kando. Nurdini alizuia pumzi, akamvuta kwa mabega mpaka sebuleni, akafungua kila dirisha na mlango aliouona.

Wilbroad aliporudi na mfuko wa mkaa, aliona miguu ya mama yake sakafuni. Mfuko ukamponyoka.

"Amekufa?" aliuliza.

"Anapumua. Kaite bajaji! Kimbia!"

Walimkimbiza Kitete. Aliwekewa hewa ya oksijeni. Mpaka jioni alikuwa amefumbua macho, lakini alimtazama mwanawe, kisha akageukia ukutani. Daktari alisema atabaki hospitali siku kadhaa. Akamuuliza Wilbroad kilichotokea, na Wilbroad akalazimika kueleza yote: jiko, nailoni, tambara chini ya mlango, ukungu. Alieleza huku analia mbele ya watu, na wala hakujificha.

Kesho yake asubuhi Nurdini alipanda kumjulia hali. Alimkuta amekaa kwenye kiti, na begi la mama miguuni.

"Shikamoo, mzee Nurdini."

"Marahaba. Mama ameamkaje?"

"Anaishi. Akitoka nampeleka Usoke. Nimeshindwa, mzee. Nilitaka kumponya, nikamchomea mkaa kama nakausha nyama. Mtoto gani mimi?"

Nurdini hakumwambia pole nyingi. Alikuwa mtu wa kazi. "Hebu nionyeshe hilo bafu," alisema.

Wilbroad alifungua mlango kwa aibu. Nurdini alitazama dari, akatazama nailoni dirishani, akatazama kamba ya nguo. Akapiga magoti, akapeleka mkono nyuma ya sinki la kunawia. Ukarudi umelowa.

"Kwanza tuanze na jiko," alisema. "Mkaa uliokolea hauna moshi, siyo?"

"Hauna. Ndiyo maana nilidhani ni salama."

"Ndio ubaya wake. Mkaa unatoa hewa ya sumu. Huioni, haina harufu. Ukiufungia ndani, unalegea, unalala, huamki. Mama yako alianguka karibu na mlango, na mimi nilikuwa nyumbani. La sivyo leo tungekuwa tunachimba kaburi. Jiko la mkaa haliingii ndani ya chumba kilichofungwa. Si kwa kupika, si kwa kuota moto, si kwa kukausha. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Sasa niambie wewe, mtu wa tumbaku. Bani lenu kule Usoke lilikuwa na matundu?"

"Lilikuwa nayo. Ya chini na ya juu."

"Ya kazi gani?"

Wilbroad alianza kujibu harakaharaka, kama mtu anayejua kazi yake. "Siku za mwanzo unayafunga, jani ligeuke njano. Likishageuka unafungua ya chini na ya juu. Hewa kavu inaingia chini, mvuke unatokea juu. Maji ya jani lazima yatoke nje ya bani."

"Na usipofungua?"

"Mvuke unabaki ndani. Unaganda kwenye dari, unaangukia majani. Tumbaku inachemka, inakuwa nyeusi..."

Macho yake yalikwenda kwenye dari, kwenye ule weusi, kisha kwenye nailoni aliyoibandika kwa mikono yake. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya bafu.

"Mzee Nurdini," alisema. "Mimi nimefungua matundu miaka ishirini na miwili. Nilifundishwa na mama yangu mwenyewe. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyelishika bani."

"Basi ulikuwa unajua. Moto wako ulitoa maji ukutani ukayarudisha hewani. Hewa haikuwa na pa kutokea. Jioni ukuta ukapoa, maji yakarudi. Hata bila moto, kila siku mnaoga maji ya moto watu watatu, mnaanika nguo, mnafunga. Ukungu unataka nini kingine? Unataka maji tu. Ukiuua leo ukayaacha maji, kesho unarudi. Ukiupaka rangi, unakula chini ya rangi."

"Tulifunga kwa sababu ya upepo. Kifua cha mama."

"Mama asikae kwenye upepo akiwa amelowa, sawa. Afungiwe dirisha anapooga. Akimaliza akatoka, lifunguliwe. Upepo utaingia bafuni, yeye yuko chumbani kwake amejifunika. Kuna ugumu gani?"

Hapakuwa na ugumu wowote. Hilo ndilo lililomuuma Wilbroad kuliko yote.

Walianza siku ile ile, wakati mama bado yuko hospitali, maana mgonjwa wa kifua hatakiwi kuwa karibu ukungu unapoondolewa. Nurdini alibadilisha mpira wa bomba uliokuwa unavuja nyuma ya sinki. Ulikuwa umelowesha ukuta miezi mingi, tone kwa tone, na ulishaweka doa hata kwenye dari ya nyumba yake chini. "Doa lile nililiona, nikasema nitawaambia kesho," alikiri. "Na mimi nina lawama yangu."

Wilbroad alibandua nailoni. Wavu wa mbu wa dirishani ulikuwa umeziba kwa vumbi. Aliuosha mpaka hewa ikapita. Kipande kimoja cha dari kilikuwa kimeoza, kikatolewa, kikafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Chini ya mlango Nurdini alikata nafasi ya vidole viwili.

"Tundu la chini hilo," alisema. "Dirisha ni tundu la juu. Bani lako limekamilika."

Wilbroad alitaka kukwangua ukungu kwa kisu. Nurdini akamshika mkono.

"Usikwangue pakavu! Unga wake utaruka, utauvuta. Lowesha kwanza. Na vaa."

Alivaa glavu za mpira, akafunga kitambaa puani na mdomoni, dirisha na mlango wazi. Alisugua kwa maji na sabuni, akafuta, akasuuza. Sehemu zilizobaki na weusi alizipaka dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji. Akaiacha dakika kumi, akasuuza tena. Jenifa alileta na chupa ya dawa ya choo ili kazi iende haraka. Nurdini akapiga kelele.

"Rudisha hiyo! Klorini haichanganywi na dawa nyingine, wala siki. Inatoa hewa mbaya. Jana tumeponea chupuchupu, leo mnataka tena?"

Jenifa akairudisha mbio, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeogopa.

Waliacha ukuta ukauke siku tano, wazi. Ndipo wakapaka rangi. Kamba ya nguo ilihamia kwenye baraza, chini ya paa. Jenifa akanunua mpira wa kusukumia maji, na kila aliyeoga alitakiwa kusukuma maji ya ukutani na sakafuni kabla ya kutoka.

Mama Getruda alirudi siku ya kumi, harufu ya rangi ilipokwisha. Hakuuliza kuhusu bafu. Aliuliza begi lake liko wapi.

"Lipo, mayu. Nipe mwezi mmoja. Mvua ikiendelea kunyesha na ukungu ukirudi, nitakupeleka Usoke mwenyewe."

"Mwezi ni mrefu kwa mtu kama mimi," alijibu. Akaliweka begi pale pale kando ya kitanda.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha mwezi wa kwanza wote kama iliyotumwa. Kila asubuhi Wilbroad alikagua kona ya dari kwa tochi. Mara mbili alidhani ameona weusi. Mara zote mbili kilikuwa kivuli. Usingizi wa mama ulikuwa mbaya wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikohoa asubuhi na jioni. Siku moja ya wiki ya tatu Jenifa alikuja mlangoni, uso umebadilika.

"Baba Leonia, mama hakohoi."

Wilbroad alikimbilia chumbani akidhani amefariki. Alikuwa amelala tu. Alikuwa amelala mchana, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka bila filimbi.

Nisiwadanganye. Mapafu yale hayakupona. Daktari alisema yaliyochakaa hayarudi upya, na mama Getruda ataendelea na dawa na kliniki maisha yake yote. Hatua kumi zile bado zilimchosha. Lakini alikuwa anakula ugali, na alianza kugombana na Jenifa juu ya chumvi, jambo ambalo Jenifa alilifurahia sana.

Siku mwezi ulipotimia, Wilbroad alimchemshia maji kama kawaida. Mama alioga. Alisikika akisukuma maji ukutani, polepole, akipumzika katikati. Kisha kitasa cha dirisha kikalia. Alitoka amejifunga khanga mbili, akauacha mlango wazi nyuma yake.

"Nimefungua tundu la juu," alisema. "Baba yako naye alikuwa anasahau. Tumbaku ya bani zima ikawa nyeusi mwaka ule, nikalia. Tangu hapo nikawa nafungua mwenyewe."

"Mayu," Wilbroad alisema. "Nisamehe ule moto."

Mama alijifuta maji usoni. "Ulikuwa unanikaushia ukuta," alisema. "Nilijua. Njoo chumbani."

Alikaa kitandani, akamwonyesha begi. Wilbroad aliliinua. Alijua mwezi umetimia, na alikuwa tayari kusikia habari ya safari. Mama alilifungua mwenyewe. Akatoa khanga, akatoa rozari, akaitundika kwenye msumari. Mwisho akatoa lile shuka jeupe, bado na mikunjo ya dukani.

"Mwite mkeo anitandikie hili," alisema. "Nimechoka kulalia mashuka ya Revocatus."